Picha Niliyoipiga Bila Hodi

Mjomba,

Shikamoo. Najua hakuna atakayeniitikia marahaba, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Adabu hiyo angalau sijaipoteza.

Unakumbuka uliponipeleka studio pale Soni, nikiwa darasa la kwanza? Ulinipaka mafuta mpaka magotini, ukanifunga vifungo vyote, ukaniambia nisipumue mpaka kamera ilie. Nilibana pumzi hadi macho yakanitoka, ukacheka njia nzima ya kurudi Kwai. Ndipo uliponiambia, "Mwanangu, hata picha hupigiwa hodi. Mtu ajitengeneze kwanza."

Nilipopata kazi ya kuzunguka na wageni milimani na kupiga picha za safari, nikanunua hii kamera ndogo isiyo na kile kioo cha ndani kinachoifanya kamera ilie kwa kishindo. Inaenea mfukoni mwa koti, na mlio wake unazimika kabisa. Nilikuja kukuringishia. Ulikaa wima kwenye benchi lako ukingoja ilie, kumbe nimeshapiga kumi. "Bado?" ukauliza. Nilicheka sana siku ile. Leo sicheki.

Asubuhi ile ya ukungu ulikuwa na siku tatu tu tangu utoke hospitali. Nilikukuta bandani kwa ng'ombe, umekonda, suruali umeifunga kwa kamba ya katani, unahangaika kuvaa buti. Mwanga ulikuwa mzuri mno. Nilipaswa kuinama nikuvalishe. Nikazima mlio, nikapiga.

Niliiweka kwenye ukurasa wangu wa safari mtandaoni. Watu wasiokujua wakaisifia, nami nikavimba kichwa. Kisha mtu akakuonyesha kwenye simu yake baada ya ibada, ukanipigia. Hukufoka. Ungefoka, Mjomba! Ulisema tu, "Mwanangu, umenitoa mbele za watu na kamba kiunoni. Ifute. Njoo Jumapili, nitavaa koti langu la kanisani, unipige vizuri."

Siku mbili baadaye ukaniuliza tena. "Nimeshaifuta, Mjomba," nikakujibu.

Sikuwa nimeifuta. Sifa zilikuwa bado zinamiminika, nikasema nitafuta kesho. Na Jumapili yenyewe nilikwenda Kwamkoro kupiga picha za msitu, wala sikukuarifu. Mkeo, Mama Eliza, ameniambia ulikaa kwenye benchi na koti lako mpaka saa ya kukamua.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mbele ya jeneza lako. Vijana walioshughulikia picha ya msiba waliitafuta mtandaoni, wakaipata hiyo hiyo, wakaichapisha kubwa na kuisimamisha uani, kila mwombolezaji aione. Kamba yako ilionekana mpaka viti vya mwisho. Mama Eliza alijua uliniomba nini na nilikujibu nini. Hakuniangalia. Aliingia ndani, akatoka na koti lako, akaivika ile fremu, ukabaki uso tu. Nilitamani anitukane mbele ya watu wote.

Sasa nimeifuta. Imesaidia nini? Walioichukua wameshaichukua. Wewe uliondoka ukiniamini, na hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe. Nisamehe, Mjomba. Naandika nisamehe, halafu kalamu inakwama, maana nakuomba jambo usiloweza tena kunipa.

Jana nilikwenda kumwomba radhi Mama Eliza. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Nilipomaliza kusema yote akasema, "Njoo Jumapili."

Nimewasha mlio wa kamera, Mjomba, na sitauzima tena kwa uso wa mtu yeyote, awe nani. Jumapili nitakwenda. Kamera itabaki begini. Nitasimama mlangoni pako nipige hodi, na nikikaribishwa nitaingia. Nisipojibiwa, nitakaa kwenye benchi lako mpaka saa ya kukamua.

Pumzika salama, Mjomba wangu.

Mpwa wako