Cheni ya Tairi Moja

Mama Salim, mke wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Salim, halafu mama yako hapo Makina. Mko wazima? Kile kikohozi cha Salim kimeisha? Mvua ikianza, usimwache alale upande wa mabati. Mimi niko hai, na nikisema niko hai sisemi kwa mazoea.

Nilijaribu kupiga simu kwa duka la jirani yenu lakini laini ilikatika, na najua mjomba wako, niliyemtumia ujumbe, ameshakuambia kwamba polisi walinijia. Ni kweli walikuja. Sasa sikia kwangu mwenyewe, usiletewe hadithi na watu wa stage ya matatu.

Huku Kanada kibaya zaidi ya theluji ni mvua inayonyesha juu yake halafu inaganda. Barabara inakuwa kama kioo kilichomwagiwa mafuta. Majani ya ng'ombe yako ghala la juu, ng'ombe wako zizi la chini, na katikati ni mteremko mkali. Mzee Walter, mwenye shamba, alinifundisha mapema: tairi za nyuma za trekta hujazwa maji ya chumvi ziwe nzito na maji yasigande, halafu kila moja inavishwa cheni nene. Unaikaza, unaendesha kidogo, unashuka, unaikaza tena.

"Cheni zote mbili, au usiende kabisa," aliniambia. "Ukivisha moja, trekta itajizungusha."

Shida ya shamba hili ni Roy, mtoto wa Mzee. Ni mtu mzima wa rika langu, na mkono wake ni mwepesi. Nimemwona akipiga ng'ombe mwenye mimba kwa beleshi mpaka ng'ombe akapiga magoti. Nimemwona akimsukuma baba yake ukutani kwa sababu kahawa imepoa. Hayo sikukuandikia, kwa sababu ungeniambia nitoke.

Sasa asubuhi moja ng'ombe walikuwa wanalia njaa. Mimi na Mzee tulikuwa tumemaliza tairi ya kulia, tunatandaza cheni ya pili chini, Roy akatoka nyumbani akiwa ameshakasirika.

"Bado mnacheza na hiyo kitu?"

"Tupe muda kidogo," nikamwambia. "Huko chini ni barafu tupu."

Aliokota mtaimbo tunaotumia kukaza cheni akanipiga nao mdomoni. Mama Salim, nilisikia meno yakivunjika kabla sijasikia uchungu. Nilipoinama akanipiga tena, mbavuni. Mzee akamshika koti, naye Roy akampiga ngumi ya kifua, akamwangusha kwenye theluji kama gunia. Kisha akapanda trekta, trela ya majani ikiwa nyuma, akateremka.

Hakufika katikati. Alipokanyaga breki, tairi yenye cheni iliuma barafu, ile nyingine ikateleza, na trekta ikageuka ubavu. Trela ikaisukuma kwa uzito wake wote. Tuliiona ikiinuka upande mmoja, halafu ikalala, Roy akiwa chini yake. Injini ilikuwa bado inanguruma, tairi ya juu inazunguka hewani, cheni inapiga madigadi, lile bati la juu ya tairi, kama mtu anayevunja mlango.

Mimi nilisimama tu. Nilikuwa natema damu, na moyo wangu uliniambia nimwache hapo hapo. Mzee ndiye aliyejiburuta kwa makalio mpaka chini akimwita mwanawe, na ile sauti ndiyo iliyonisogeza.

Nilizima injini. Madigadi ilikuwa imembana Roy paja, na theluji yote pale ilikuwa nyekundu. Nilileta jeki, lakini kila nikiipandisha kitako chake kilikuwa kinateleza. Mara ikachomoka kabisa, trekta ikamshukia tena, na mlio alioutoa bado uko masikioni mwangu. Nikaenda kuburuta ile cheni ya pili, nikaikunja chini ya jeki, pingili zikauma barafu, ikashika. Nikapandisha pole pole. Roy alikuwa ananitukana, anaitukana ngozi yangu, halafu akaanza kumwita mama yake aliyekufa. Mzee akamvuta kwa mabega. Nikamfunga paja kwa mshipi wangu, nikaukaza mpaka damu ikapungua.

Hospitalini mguu ulikatwa. Alipopata fahamu, akawaambia polisi kwamba nilivisha cheni moja makusudi ili nimuue.

Walikuja wawili, wakaniketisha jikoni. Mdomo ulikuwa umeshonwa, sikuweza kuongea vizuri. Wakaniuliza kama nilikuwa na ugomvi na Roy. Niliwaza pingu, nikakuwaza wewe ukiambiwa mume wako ni muuaji. Mzee alikuwa ameketi karibu na jiko akiangalia mikono yake. Nikaanza kukata tamaa.

Halafu akasema, "Mwanangu ndiye aliyempiga huyu. Ndiye aliyeondoka kabla hatujamaliza. Na mimi alinipiga. Ananipiga tangu mama yake afe."

Akafungua shati, akawaonyesha kifua. Polisi wakaandika, wakaondoka bila mimi.

Roy amerudi nyumbani na magongo. Juzi alimrushia baba yake gongo moja, likampasua juu ya jicho. Nilipokuwa namwosha damu, Mzee akanishika mkono.

"Ukienda, nitabaki naye peke yangu."

Sikuwa nimemwambia kwamba nataka kuondoka. Nikamwambia hatabaki. Nimemkazania mpaka amekubali kuuza ng'ombe na kuhamia kwa dada yake mjini. Nitampeleka mwenyewe, nimwone akiingia ndani na mlango ukifungwa, halafu nakuja nyumbani.

Nisalimie mama yako, umwambie dua zake zimenifikia. Nisalimie kaka yangu gerejini pale Kawangware 56, aniwekee nafasi ya kazi. Salim mbusu kwa niaba yangu.

Siku ya kunipokea usije na watu. Njoo na mtoto tu. Nataka kukaa kwanza katika chumba ambacho hakuna mtu anayeinua mkono.

Ni mimi wako,
Baba Salim