Nyumba Yako kwenye Ramani ya Kijapani

Baba,

Tangu tukuzike, mimi na Kaka Elia tulikuwa hatusemezani. Ugomvi wenyewe ungekuchekesha: ile ramani ya Kijapani uliyoachiwa na mwalimu mwenzako alipokuwa anarudi kwao Japani. Mtaa mmoja wa Tokyo ya zamani, uliochongwa kwenye ubao ukapigwa chapa kwenye karatasi, ambayo sasa ina rangi ya chai.

Matanga yalipoanuliwa, Kaka aliichukua akaipeleka kwake Mbezi Beach, akaitia fremu na kuitundika sebuleni. Mama alipoiona alisikitika, akasema nusu ya mtaa wamesimama kwa kichwa. Kweli, Baba. Kaka alisahau kwamba ramani ile haina juu wala chini. Jina la kila mwenye nyumba limeandikwa kichwa cha maandishi kikielekea mlangoni kwake, ndiyo maana ulikuwa ukiitandaza mkekani, nasi tukaizunguka. Kuisoma hukujua hata herufi moja. Basi ukawapangisha humo majirani zetu wa Boko, na Mama Shaibu ukampa nyumba ya kona, maana mbea lazima aone njia mbili.

Mimi nilidai ramani ni yangu, na sababu sikuitaja. Kaka naye akang'ang'ania, wala hakusema kwa nini. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini Mama hana nguvu za kulima.

Jumapili iliyopita alimwamuru Kaka aitoe kwenye fremu aje nayo Boko. Akaitandaza, akatukalisha kila mtu upande wake wa utotoni. Tukakaa tumenuna, watu wazima wenye watoto. Mwishowe nikaweka kidole kwenye nyumba ya upande wangu, karibu na daraja.

"Baba aliniambia yeye anakaa hapa," nikasema.

Kaka alikitazama kidole changu. Kisha akaweka chake kwenye nyumba ya upande wake.

"Mie aliniambia hapa."

Mama alicheka, akasema leo ndiyo amejua ulikuwa na nyumba ndogo. Kaka akacheka naye. Mimi nilishindwa. Nililia sana, Baba, mpaka Kaka akazunguka mkeka akaja kukaa na mimi.

Ramani inabaki kwa Mama. Kwaheri, Baba yangu, pumzika. Naahidi sitamwambia tena Kaka kwamba ulinipenda mimi zaidi.

Binti yako,
Neema