Msalaba wa Torleif

Kituo cha Nyangumi,
Ghuba ya Halvorsen,
Kisiwa cha Georgia ya Kusini.
2 Aprili 1962

Mpendwa shemeji Ragnhild,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Borghild bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo, shemeji, usiniulize.

Kituo kinafungwa. Msimu mzima jukwaa la kuchunia nyangumi limekaa kavu, na wapiga chusa wanarudi mikono mitupu. Nyangumi tumewamaliza wenyewe. Mpishi wetu ananitania, "Eilert, hivyo visu vyako vya kuchunia sasa utamenyea viazi vya mkeo!" Sicheki.

Sasa lile ulilonituma. Nilimwendea meneja nikamwomba tumfukue ndugu yangu, mumeo Torleif, arudi kwako na meli ya mwisho, maana baada ya hapo hakuna atakayekanyaga huku tena.

"Haiwezekani, bwana. Mabaharia hawasafiri na maiti."

"Ni mifupa tu, mkuu, miaka tisa sasa. Mbona jana mmepakia magunia kwa magunia ya mifupa ya nyangumi?"

"Ile imesagwa. Ile ni mbolea."

Nikatoka nalia mbele za watu, mimi na ndevu zangu hizi.

Jumamosi nikaona afadhali nikuletee hata msalaba wake, uusimamishe kanisani kwetu. Niliung'oa. Kufika kwenye geti la makaburi nikageuka: wenzake wote wana majina, Torleif peke yake kalala kama mbwa asiye na mwenyewe. Wa kuchonga mwingine hayupo, seremala ameshaondoka na vifaa vyake. Nilisimama pale na msalaba begani mpaka vidole vikafa ganzi, nikiwaza nikunyime wewe au nimnyime yeye. Nikaurudisha. Nisamehe, shemeji.

Kwa hiyo usije bandarini na maua. Na mchimba kaburi wa kanisani mwambie aache, ile nafasi kando ya baba itabaki tupu.

Barua hii inatangulia na meli iliyobeba mafuta na yale magunia. Ukiona wakulima wanamwaga mbolea hiyo mashambani, pita njia nyingine.

Nisalimie Mama, Borghild na mjomba Sverre. Mungu akushike mkono, maana mimi nimeshindwa.

Shemeji yako akupendaye,
Eilert