Maiki ya Mkamwana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Aibu! Usaili umeahirishwa kwa sababu ya maiki. Joyness, dada wa ofisi ya Dar anayeusimamia, ananiona vizuri lakini sauti haimfikii. Akasema niongeze. Nikaongeza ya spika! Mimi ndiye nikamsikia yeye zaidi. Wamenipa nafasi moja tu, Ijumaa saa nne asubuhi. Na hii kazi naitaka jamani. Kupokea simu za wakulima wa pamba, Kiswahili na Kisukuma, nikiwa hapahapa Kasoli. Diploma yangu ya kilimo ina miaka mitatu kwenye bahasha.

Jumanne, 10 Juni

Nimeingia mwenyewe kwenye mipangilio. Sauti, kisha maiki — iko kumi na nane kwa mia! Laptop kaniachia mume wangu Josia alipokwenda masomoni Mwanza, sijui aliigusaje. Nimepandisha hadi mia. Nikajirekodi. Sauti kama ya mbu tu. Nimekasirika mpaka ugali ukaungua. Mama mkwe kaula hivyohivyo.

Jumatano, 11 Juni

Bariadi mjini, kwa fundi Yakobo. Kaingia ndani zaidi ya mipangilio, kuna kitu kinaitwa boost, cha kuongeza nguvu ya maiki, kilikuwa sifuri. Kakipandisha. Kapuliza na katundu ka maiki karibu na kamera, vumbi likatoka. Kajaribu yeye, sauti ikajaa duka zima. Nikajaribu mimi — safi! Nusura nimkumbatie.

Alhamisi, 12 Juni

Nyumbani sauti imerudi kuwa ndogo. Hapana! Nimempigia Yakobo, nikamsikilizisha rekodi. Kacheka sana, akasema: Mashine haina shida, dada, hapo unanong'ona. Dukani kwangu ulikuwa unapiga kelele.

Nikatazama nje. Chini ya dirisha yuko baba mkwe, Mzee Maduhu, anachambua pamba yake, safi huku, chafu kule. Wiki nzima yuko pale. Miaka miwili nimeolewa hapa, sijawahi kupaza sauti akiwa karibu. Mkamwana hapazi. Nikimkuta mlangoni nazunguka nyuma. Basi sauti inajishusha yenyewe, hata sijui! Na mtandao unashika chumba hiki tu. Nimwambie ahame? Uani kwake? Nimemweleza mama mkwe. Kaguna, akaendelea kupepeta mchele.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika mbiombio, wamenipa dakika tano.

Saa nne kamili Joyness akatokea, na wazee wawili wa ofisini. Baba yuko palepale dirishani! Nikajitambulisha, wakainama kutega masikio. Joyness akasema wananisikia kwa mbali, tena kwa mbali sana. Nilitaka kulia. Ndipo sauti ikaingia kutoka nje:

"Mayu! Sema kwa nguvu! Mimi sipo hapa!"

Kaniita mayu — mama! Hajawahi kuniita chochote. Sijui nini kilifunguka ndani yangu. Nikaongea! Funza wa vitumba vya pamba, dawa ipi, kupima vipi, yote, mpaka kuku wakatoka mlangoni. Wakawa wanaandika. Nikasema dawa inyunyizwe asubuhi. Nje tena: "Na jioni! Upepo ukitulia!"

Mungu wangu. Maiki sasa inanasa mpaka uani. Mmoja wa wale wazee akauliza ni nani huyo anayesema hayupo. Baba mkwe wangu. Ni mkulima? Tangu azaliwe. Akacheka. Akasema basi aje akae hapo, aulize maswali yake kwa Kisukuma, wanisikie nikimjibu kama mkulima aliyepiga simu. Waombaji wengine wote wamejifunza kwa maandishi, alisema.

Mimi na baba, viti viwili, uso kwa uso! Nacheka peke yangu. Mama mkwe kampelekea ujumbe. Nasikia baba anauliza koti lake liko wapi. Kiti nimekipangusa. Joyness amerudi kwenye skrini.

Anapiga hodi. Mzee Maduhu anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe! Nimejibu karibu baba, na mshale unaopima sauti ya maiki umepanda mpaka mwisho —