Maji ya Majaribio Kule Sanya Juu

Mjukuu wangu Aika,

Shikamoo yako imefika hadi Kilema, marahaba. Goti la bibi yako limepoa, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini kompyuta yako inaonyesha maji ya ardhini yakishuka, wakati vipimo vya zamani vya kisima vinaonyesha yametulia. Kompyuta siijui. Ila miaka ile watu binafsi walipoanza kununua kahawa yetu, nilipata kibarua kwa wachimba visima Sanya Juu. Wao walivuta maji kwa pampu mfululizo kwenye kisima kipya, mimi nikapima kina kwenye kisima cha zamani cha jirani, wajue ardhi ile inapitisha maji kiasi gani.

Maji yaliyovutwa yalimwagwa tu. Mimi nimekulia kwenye zamu za mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia migomba; maji yakipotea naumwa. Nikachukua jembe, nikayaelekeza kwenye maharage ya mama mmoja, hatua chache kutoka kisima nilichopima. Kesho yake maji ya kisima hicho yakaacha kushuka. Mtaalamu wao akashangilia: "Hapa maji hayaishi!"

Siku ya tatu nikaelewa kwamba maji yale ya maharage yalikuwa yanazama ardhini na kurudi kisimani. Wangefunga pampu kubwa, kijiji kibaki na shimo kavu. Nikamwambia, nikijua naweza kufukuzwa.

Akazima pampu. "Kumbe siku zote hizi tumepima huruma yako, bwana."

Tukaanza upya.

Kwa hiyo usizilaumu hesabu zako bado. Nenda kwanza kwa wenyeji wa hapo penye kisima chako, uwaulize yale maji ya majaribio walimwagilia nini.

Babu yako, wa jembe lile lile.