Kamba kwenye Bawa

Jumatatu, 4 Novemba
Ng'ombe wa jirani yetu Masanja wameingia tena uwanjani. Nimewafukuza mara mbili kabla ndege haijatua. Masanja anasema majani ya hapa ni matamu kuliko ya kwake. Nimemwambia basi aje ale yeye.

Kapteni Neema katua salama. Ndege yake ni ndogo, ya kubeba dawa na wagonjwa. Alitaka kunionyesha sehemu zake zinazocheza, na mahali pa kufungia kamba upepo ukija. Nimekataa. "Kapteni, mimi ni wa kufukuza ng'ombe tu." Akacheka. Ukweli ni kwamba sikutaka kufundishwa na binti wa umri wa mwanangu.

Jumatano, 6 Novemba
Editha, mke wa mdogo wangu Gervas, amelazwa hospitali ya wilaya. Mimba ya miezi minane, presha imepanda. Daktari anataka apelekwe Mwanza. Ndege inarudi kesho, itamchukua Ijumaa asubuhi. Nimemwambia Gervas asiogope, kwa ndege Mwanza ni karibu.

Alhamisi, 7 Novemba
Ndege imefika jioni, kapteni akaenda kulala mjini. Muda si mrefu wingu jeusi likatokea upande wa Burundi. Kapteni akapiga simu.
"Mzee wangu, upepo huo! Kamba ziko nyuma ya kiti. Unajua pa kufunga?"
"Najua."
Nimefunga kila bawa, fundo la kufungia dume la ng'ombe. Kamba nimeipitisha nyuma ya bawa, kwenye kile kipande chenye bawaba. Imeshika vizuri. Mvua kubwa.

Ijumaa, 8 Novemba
Ndege haikuruka.

Kile kipande cha kushoto kimepinda. Kinaitwa eleroni. Kila bawa lina yake. Moja ikipanda, nyingine inashuka, ndege inalala upande na kugeuka. Ikikwama, rubani hana ndege. Kapteni aliisukuma kwa mkono, ikakwaruza. Pete ya kufungia kamba iko chini ya bawa, mbele kidogo tu. Sikuitafuta.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Editha alikuwa tayari ndani ya gari la wagonjwa, pembeni ya uwanja. Gari likageuza, likashika barabara ya Biharamulo. Gervas alinipungia mkono dirishani. Anadhani ni upepo ulioharibu.

Jumapili, 10 Novemba
Editha yuko hai. Mtoto alizaliwa njiani, wameshapita Biharamulo. Wa kike. Hakulia.

Gervas alinipigia mwenyewe. Amenishukuru kwa blanketi nililowapa. Nimesema pole, mdogo wangu. Basi. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 14 Novemba
Fundi amekuja kutoka Mwanza na eleroni mpya. Nimemshikia spana kutwa na kuuliza kila kitu. Flapu: ziko karibu na mwili wa ndege, zinashushwa ili itue taratibu. Eleveta: imelala mkiani, inapandisha pua na kuishusha. Usukani wa mkia: umesimama wima, unapeleka pua kulia na kushoto.

Si vigumu. Ningeelewa yote Jumatatu ile kabla chai haijapoa.

Jumanne, 19 Novemba
Gervas alikuja uwanjani. "Shikamoo, kaka." Amekonda. Kapteni alikuwa anakagua ndege, akasogea mbali nasi.

Nimemwambia. Kwamba haukuwa upepo. Kwamba niliulizwa kama najua pa kufunga kamba, nikasema najua.

Ng'ombe wa Masanja walikuwa wanakula katikati ya uwanja na sikuwafukuza.

"Uliifunga wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole chini ya eleroni, akainua. Ya upande wa pili ikashuka yenyewe. Akaiachia, akainua tena.

"Nyepesi hivi?"

"Nyepesi."

Akaiteremsha polepole mpaka ikakaa sawa na bawa. Kisha akaokota fimbo yangu, akaenda kuwatoa ng'ombe.