Baba Alisema Kaza

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na watoto ambao bado sijawatia machoni. Sisi huku tunapumua. Mama mgongo unamsumbua, ila ulimi hauna neno, anatugombeza kama zamani. Habari yenyewe ni Baba.

Miezi miwili iliyopita alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yamebaki machache. Daktari ametuambia tusihesabu miezi. Mimi silii, kaka. Naenda kazini, narudi, nakula kwa sababu sahani iko mbele yangu. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya, unaubonyeza na husikii kitu.

Wiki iliyopita alininyooshea kidole juu ya kabati. Ipo ndege yake ya mfano, ile ndogo yenye injini, ya kurushwa kwa nyaya mbili huku mtu amesimama katikati ya duara, haijaguswa tangu ianguke mikononi mwako siku ya mashindano. Nikaishusha, nikaliunga bawa kwa gundi. Alitaka aisikie injini tu, basi nikaipeleka uani, chini ya dirisha lake.

Ikagoma. Inawaka, inanguruma sekunde tano, inazima. Nikabadilisha plagi, wapi! Nikamwaga mafuta ya zamani, maana yakikaa hunywa unyevu wa hewa, nikatia mapya, wapi! Nikaosha tangi. Mama akapita na beseni lake akasema hata yeye angekataa kuamshwa baada ya miaka tisa. Mwisho nikauchomoa mpira wa mafuta, nikauziba upande mmoja, nikauzamisha kwenye maji na kupuliza. Vipovu! Tundu dogo kama la pini, mpira unavuta hewa badala ya mafuta. Nilipoweka mwingine injini ikaimba. Baba akatokwa na machozi, akalitaja jina lako mara mbili, akauliza uko wapi.

Nilitaka kukuandikia kwamba tundu hilo ndilo lililotuangushia ndege siku ile. Ungeniamini. Lakini mpira umetoboka kwa uzee, huko huko kabatini. Siku ile ulikuwa mpya, niliufunga mwenyewe asubuhi.

Unakumbuka, ulikuwa katikati ya duara na mpini mkononi, mimi nimeishikilia ndege, injini inawaka. Baba akapiga kelele, kaza. Alikuwa anakuambia wewe urudi nyuma hatua moja ukaze nyaya. Mimi nikadhani ananiambia nikaze sindano ya kupimia mafuta. Nikaizungusha nusu mzunguko, mafuta yakabanwa. Chini ililia vizuri ajabu, juu ikakosa mafuta, ikazima ikiwa tumbo juu, na nyaya zikalegea. Mbele ya watu wote Baba akakuita legelege usiyefaa kushika hata kamba ya mbuzi. Kesho yake ukafunga mizigo.

Kaka, mimi nilijua palepale. Nilifika kwenye mabaki kabla ya Baba, nikaona sindano ilivyokaa, nikairudisha mahali pake kwa vidole vyangu hivi. Halafu nikasimama kando nikamsikiliza akikutukana, nikanyamaza miaka tisa. Nisamehe.

Jana nilimwambia Baba yote. Akaushika mkono wangu kwa ule wake mzima, akaubana mpaka vidole vikauma, akasema uitwe. Hayo ndiyo maumivu ya kwanza kuyasikia tangu augue.

Basi njoo. Ukinichukia, nichukie ukiwa hapa. Mpini wako nimeufuta vumbi na nyaya nimezikunjua. Mama anasema uje na godoro lako, lile la zamani alishampa mtu. Msalimie sana wifi, na watoto wabusu mmoja mmoja. Baba tutamketisha dirishani, ndege utairusha wewe. Sindano nimeshaipima, na Baba akisema kaza, sitaigusa.

Mdogo wako,
Kidole